Nilisema Mbele ya Wakwe Kwamba Sikuajiriwa

Mpendwa Bi. Wavinya,

Nakuandikia kwa haraka ambayo si kawaida yangu, kwa sababu Jumamosi ya wiki ijayo ninatakiwa nisimame mbele ya watu niseme uongo kwa mara ya pili, na Jumatatu inayofuata nisimame mbele ya afisa wa kazi mjini niseme kwamba ule wa kwanza ulikuwa uongo, na sijui kinywa kimoja kitaziweza vipi kazi hizo mbili. Naomba unisaidie kabla siku hizo hazijafika. Majina nitakayoyatumia si ya kweli, ila mengine yote ni kama yalivyotokea.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na minane. Nilikuwa na shamba katika Bonde la Ufa, shamba la pareto na miti michache ya matunda damu, na nyumba ya mbao yenye chumba kimoja kilichojaa vitabu, mpaka mwaka ule wa fujo za uchaguzi tulipoambiwa tuondoke, tukaondoka, na tangu hapo nimekaa mahali pengi lakini sijawahi tena kutamka neno "kwangu" bila kusita. Miaka saba iliyopita nilipata kazi Riruta, ndani kidogo kutoka barabara ya Naivasha, kwa mtu nitakayemwita Karanja, mwenye nyumba za kupangisha na nyumba yake mwenyewe katika ua huo huo. Nalinda geti, nafagia ua, nafungulia wapangaji maji, nabadilisha balbu za ngazi. Nalala katika chumba kilicho kando ya geti, ambacho kinatosha kitanda na rafu moja, na rafu ile nimeijaza.

Mshahara wangu hutumwa kwa simu na mke wa Karanja, Mwihaki, na kwa miaka yote hiyo haujawahi kufikia kile kiwango ambacho serikali imemwekea mlinzi wa hapa Nairobi, nami nilijua, kwa maana mimi husoma gazeti mpaka matangazo ya zabuni, na kila Siku ya Wafanyakazi nyongeza ilipotangazwa nilijiambia, huyu mtu alinipokea nikiwa sina pa kulaza kichwa, nisimdai kama mgeni. Dada yangu alipofariki Nyahururu niliomba ruhusa nikaenda kumzika, na niliporudi nikakuta siku zile zimekatwa kwenye mshahara. Nikachukua ufagio, nikaendelea na kazi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Karanja ana binti mmoja, Wangeci, na mwaka jana familia ya kijana wa Kikamba aitwaye Musili ilileta habari kwamba inakuja kumposa. Kwetu baba wa msichana hajizungumzii siku ya mahari, ndugu zake na wazee ndio humzungumzia. Lakini ndugu mmoja wa Karanja amekwisha kufa, na wa pili hasemezani naye kwa sababu ya shamba. Jioni kabla ya siku yenyewe Karanja alinijia getini.

"Mzee Kihara, Kiswahili yako ni ya kitabu na Kikuyu yako ni ya wazee. Kesho wewe ndio utatuongelea."

"Nitaongea kama nani?" nikamuuliza.

"Kama kaka yangu mkubwa. Ama unaona haya kuwa ndugu yangu?"

Niliona haya, Bi. Wavinya, lakini si za aina hiyo. Niliona haya kwa sababu nilifurahi.

Wageni walifika kwa basi dogo, wakashuka, wakaanza kuimba nje ya geti, na wanawake wetu wakawajibu kutoka ndani kwamba hawafunguliwi mpaka watoe kitu, na mimi nilikuwa bado niko kazini, nimevaa kabuti langu la ulinzi, kwa hivyo Mwihaki alipopaza sauti, "Soja, fungua!" kama mlinzi anavyoitwa hapa, ni mimi niliyefungua, karibu nimgonge na geti yule mpiga picha ambaye alikuwa ametangulia ndani ili awarekodi wakiingia, kisha nikakimbia nyuma ya tangi la maji, nikavua kabuti, nikavaa koti la suti la Karanja ambalo mikono yake ilinifika kwenye vidole, nikatokea hemani na viatu vile vile vya kazi, nikiwa mzee wa ukoo.

Mzungumzaji wao alikuwa Mzee Kitavi, mtu mcheshi mwenye macho makali. Alinitazama kutoka kwenye viatu kwenda juu, akasema, "Sisi tumetoka mbali na mbuzi wetu, na mbuzi haachiwi mtu wa kuandikwa kazi. Hebu tuambiwe, huyu ni wa nyumba hii ama mmemkodisha pamoja na viti?"

Hema lilicheka. Karanja akanitazama. Nami nikainuka, nikasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nilipokuwa mzee wa kanisa kule shambani, "Mimi sikuajiriwa hapa na mtu yeyote. Mimi ni kaka mkubwa wa Karanja na nyumba hii ni yetu. Mbuzi wako wakilia usiku, mimi ndiye nitakayeamka."

Watu walipiga makofi. Mzee Kitavi akaja mpaka mbele yangu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Huyo sasa ni mtu." Na aibu yangu yenyewe iko hapo, kwamba wakati nikisema maneno yale sikuhisi kuwa nadanganya.

Baada ya siku hiyo Wangeci alianza kuniita baba mkubwa, na hajaacha. Huniletea chai getini na hunisubiri nimalize ili tuzungumze. Mshahara ulibaki pale pale. Mwaka huu goti langu la kushoto limeanza kukataa ngazi, nikafikiria siku ambayo sitaweza tena kazi hii, nikamwendea Karanja, nikamwomba kwa upole anilipe angalau kile ambacho sheria inasema. Akacheka, akanipiga begani. "Kwani ndugu hulipana mshahara?" akaniuliza.

Neno hilo ndilo lililonitoa Riruta nikaenda mjini, kwenye ofisi ya kazi. Afisa, kijana mwenye adabu, alinisikiliza mpaka mwisho, akamwandikia Karanja barua ya kumwita tukutane naye sote wawili hiyo Jumatatu.

Nilitarajia Karanja apige kelele. Hakupiga. Aliniita sebuleni, akaniambia niketi kwenye kochi, jambo ambalo halijawahi kutokea, akawasha televisheni, akaweka video ya siku ile ya mahari, akaipitisha haraka mwanzo wote mpaka alipofika hemani, na hapo akaniacha nijisikilize mwenyewe. Sikuajiriwa hapa na mtu yeyote. Akaisimamisha mdomo wangu ukiwa wazi.

"Hiyo ndio nitapelekea afisa wako," akasema. "Wewe ni ndugu yangu, unakaa kwangu, nakusaidia na pesa ya matumizi. Si ni wewe mwenyewe ulisema, na hakuna mtu alikuwekea bunduki?"

Mwihaki alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa cha kufutia vyombo.

"Sasa skiza," Karanja akaendelea. "Ile Jumamosi ni ngurario, tunakamilisha mambo ya ndoa ya huyu mtoto. Utaongea vile uliongea. Ukiongea vizuri, hiyo maneno ya mshahara tutamalizana kama ndugu. Ukikataa, Jumapili nataka hicho chumba cha geti kikiwa wazi."

Nilimweleza Gerishon, mlinzi wa geti la jirani, ambaye ni kijana mwema. Akatikisa kichwa. "Buda, umejichoma na mdomo yako mwenyewe. Huko wanaangalia tu kile ulisema."

Na jana Wangeci alinijia na mfuko wa duka. Ndani mlikuwa na koti jipya. "Baba mkubwa," akasema, "koti ya baba ilikuwa inakumeza. Hii ni saizi yako." Hajui lolote kuhusu madai yangu wala kuhusu Jumatatu. Nilimshukuru, nikaenda kulitundika, na tangu hapo nimeshindwa kulitazama.

Nikizungumza Jumamosi nitakuwa nimejifunga Jumatatu. Nikikataa nitakuwa nimemharibia mtoto siku yake, na kwa umri huu nitafungasha tena vitu vyangu katika shuka kama mwaka ule, sijui kuelekea wapi. Na kuna jambo la tatu, ambalo si la sheria na sijui kama ni la gazeti. Nikishinda, nitakuwa nimethibitisha mbele ya serikali kwamba dunia hii haina nyumba ambayo mimi ni wa hapo, kwamba nina geti tu, na hata hilo si langu. Niambie nifanye nini.

Mzee wa Geti,
Riruta

*

Mzee wangu,

Pokea heshima zangu kwanza, kisha unisamehe, kwa sababu nitakugombeza na kwa umri wewe ndiye wa kunigombeza mimi. Barua yako nimeiweka mbele ya nyingine zote. Leo ni Jumatano na hiyo Jumamosi yako haitangoja zamu.

Umenihuzunisha na umenikasirisha. Mtu anayesoma gazeti mpaka matangazo ya zabuni anajua kwamba analipwa chini ya sheria, halafu anakaa kimya miaka saba kwa sababu alipokewa! Alikupokea, ndiyo. Nawe ukamlindia mali, ukamfagilia ua, ukawafungulia wapangaji wake maji. Fadhila hiyo ulimaliza kuilipa mwaka wa kwanza. Hii mingine sita ulikuwa ukimpa Karanja zawadi, na mwenye kupokea zawadi kwa miaka sita huanza kuiona ni haki yake.

Tuanze na hofu yako kubwa. Unadhani maneno uliyoyasema hemani yamefuta kazi yako. Hayajafuta. Sheria haimuulizi mtu anaitwa nani siku ya mahari. Inauliza ni nani anayekupangia kazi, ni nani anayekuruhusu kutoka, na ni nani anayekutumia pesa kila mwisho wa mwezi. Mkataba wa maandishi ni wajibu wa mwajiri, si wako. Kama hana, ni yeye atakayebanwa aeleze mlipatana nini, wewe hutalazimika kubahatisha. Na hata kama ungekubali kwa mdomo wako kulipwa chini ya kiwango, hata kama ungesema asante na kupiga magoti, makubaliano hayo hayana nguvu. Kiwango cha chini kiliwekwa kwa ajili ya watu wenye haya kama wewe.

Halafu hebu nikuulize jambo ambalo wewe mwenyewe umeliandika na ukalipita. Ulikwenda Nyahururu kumzika dada yako na siku hizo zikakatwa. Kama wewe ni kaka wa Karanja, basi aliyezikwa alikuwa dada wa Karanja pia. Yeye alikuwa wapi siku hiyo? Mbona hakukatwa mtu mwingine ila wewe? Kamuulize mbele ya afisa, kwa upole wako huo huo. Mlinzi ana haki ya likizo ya mwaka yenye malipo, na naona wewe hujawahi kuipata. Hiyo nayo iingie kwenye madai, pamoja na siku za mapumziko za kila wiki, kama hukupewa.

Kuhusu chumba cha geti, acha kukishukuru. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mahali panapofaa kuishi au amlipe posho ya nyumba. Akikuambia Jumapili utoke, usitoke kwa neno la mdomo. Mwambie, "Niandikie, na uandike sababu." Kumlalamikia mwajiri kuhusu haki yako si sababu halali ya kufukuzwa. Akikufukuza kwa hilo, juu ya mshahara uliopunjwa na notisi utakuwa na dai la fidia, ambayo mahakama inaweza kuifikisha mshahara wa miezi kumi na miwili. Mtu anayekutishia hivyo anajiongezea deni, ila hajaambiwa na mtu yeyote. Mpangaji mmoja unayemwamini na ajue mapema, ili ukikuta kufuli mlangoni uwe na pa kuweka vitabu usiku mmoja. Asubuhi yake, nenda mjini moja kwa moja.

Gerishon asiwe wakili wako tena. Awe shahidi wako. Amekuona getini mwaka baada ya mwaka na hilo ndilo analolijua vizuri. Kwa kampuni ya simu, omba taarifa ya pesa zote ambazo Mwihaki amekutumia. Fanya hivyo wiki hii. Na usizubae na dai lenyewe, maana sheria ya ajira ina mwisho wa muda, kwa kawaida miaka mitatu tangu haki ilipovunjwa, na ukiendelea "kumalizana kama ndugu" unaweza kukuta miezi ya nyuma imekuponyoka. Hilo la muda mwulize afisa wazi wazi. Mkishindwa kuelewana mbele yake, si mwisho wa njia. Mahakama ya mambo ya ajira ipo, na kuna mashirika mjini yanayowasaidia wasio na pesa za wakili.

Jumamosi usitie sahihi karatasi yoyote. Bahasha ya shukrani ikija na karatasi, virudishe vyote viwili kwa tabasamu.

Sasa Wangeci. Hapa ndipo nakulaumu kuliko kote. Umemkalisha mtoto getini, umekunywa chai yake, umepokea koti lake, na humwambii kinachoendelea katika ua anamolala. Unasema unamhurumia. Hapana, mzee wangu, unaogopa akijua ataacha kukuita baba mkubwa. Mwambie kesho, mwambie wewe kabla hajasikia kwa baba yake. Usimsemee vibaya Karanja. Mwambie tu: nimefanya kazi hapa, sikulipwa inavyotakiwa, nimedai, na Jumatatu nitasema ukweli. Kisha mpe nafasi akasirike, anayo haki.

Ukimaliza kwake, nenda kwa Karanja siku hiyo hiyo, mbele ya mkewe, umwambie hivi: "Jumamosi nitazungumza, na nitazungumza vizuri, lakini nitajitaja mimi ni nani. Nitasema mimi ni Kihara, mlinzi wa nyumba hii, mwenye nyumba ameniomba nimzungumzie kwa sababu ameniamini." Akikubali, vaa koti lako jipya, uende ukapangue hoja zao. Akikataa, basi ni yeye aliyekataa mzungumzaji, si wewe uliyemtupa mtoto. Lakini usingoje mpaka hemani ndipo utoe ukweli. Siku ya bibi harusi si mahali pa kesi ya mtu mwingine.

Na usiwahofu wakwe. Mimi ni wa huko Ukambani. Mzee kama huyo Kitavi, ukimwambia wewe ni mlinzi, atakutania mpaka machozi yakutoke, atauliza kama mbuzi nao wana zamu, kisha ataketi azungumze na wewe. Tangu mara ya kwanza alikuwa amekushuku. Ulidhani aliviangalia viatu vyako bure?

Jambo lako la tatu sikuliona dogo. Nimelisoma mara nyingi kuliko mengine. Lakini unampa afisa wa kazi mamlaka ambayo hana. Yeye hawezi kuamua nani ni wa nyumba gani, ataamua mshahara tu. Mtoto aliyekadiria mabega yako kwa macho mpaka akapata saizi hakufanya hivyo kwa sababu ya hotuba yako ya hemani, na sidhani atakoma kwa sababu umelipwa. Kama atakoma, utaumia, sitakudanganya. Utaumia ukiwa na kodi ya nyumba yako mwenyewe mfukoni, na goti lako likiwa limetibiwa, na hiyo ni afadhali kuliko unavyoumia sasa.

Nimebakiza Jumatatu. Karanja atakuja na ile video. Mwache aje nayo, usibishe, usimkatize. Mwache aicheze mpaka pale mdomo wako ulipo wazi. Kisha mwambie afisa, kwa hicho Kiswahili chako cha kitabu, kwamba unaomba irudishwe mwanzo kabisa, kwenye ile sehemu aliyoipitisha haraka sebuleni. Huyo mpiga picha alikuwa ndani akirekodi wageni wakiingia, na karibu umgonge na geti. Basi pale utakuwepo wewe na kabuti lako, na sauti ya Mwihaki ikisema vile ilivyosema.

Ikifika hapo, nyamaza. Mwache afisa ajionee mwenyewe. Huko kwenu na huku kwetu watu huwaita shemeji zao kwa majina mengi, mazuri na mabaya, lakini sijawahi kusikia mwanamke akimwita kaka mkubwa wa mumewe soja.